Mkono wa Kila Mji

Nikiri kosa langu mapema, ili msomaji asije akadhani kwamba haya niandikayo nilizaliwa nayo. Kwa miaka mingi nilipokuwa nikifundisha historia, niliwaambia wanafunzi wangu kwamba Wamaya wa kale walichonga mawe "namna hii", kisha nikainua kitabu chenye picha moja tu. Ilikuwa picha ya nguzo ya Copán, katika nchi ya Honduras: mfalme amesimama, mikono kifuani, uso umetokeza kwenye jiwe kana kwamba anataka kushuka aje kuzungumza nasi. Picha ilikuwa moja na jina nililolitumia lilikuwa moja: sanaa ya Wamaya. Hakuna mwanafunzi aliyeniuliza ni Wamaya wa wapi, nami sikujiuliza.

Mwaka 1996 nilikuwa London kwa mafunzo ya miezi mitatu. Siku moja ya mvua niliingia British Museum, na nisiseme uongo, nilikuwa nikikimbia baridi zaidi kuliko kutafuta elimu. Katika ukumbi wa Meksiko nikakuta mawe ya chokaa yamesimamishwa ukutani, yametoka Yaxchilán, mji wa kale ulio kwenye ukingo wa mto Usumacinta. Nikatazama, na hukumu yangu ikawa ya haraka: hawa walikuwa wachongaji wa daraja la pili. Watu wao hawakutokeza kama yule mfalme wangu wa Copán. Walikuwa kama waliokatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya jiwe.

Jioni ile mwenyeji wangu, mtu mwema sana, alinionyesha kinyago kilichokuwa sebuleni kwake akaniuliza, "Hii si sanaa yenu?" Kinyago kilitoka Afrika Magharibi, maelfu ya kilomita kutoka kwetu. Nilichukizwa, nikamweleza kwa upole kwamba Mmakonde hachongi hivyo. Nilipolala ndipo nilipokumbuka mawe ya Yaxchilán. Nilichomlaumia mwenyeji wangu ndicho nilichokuwa nimekitenda mchana kutwa. Nyani haoni kundule.

Kesho yake nilirudi, safari hii bila mvua.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba yale mawe si nguzo. Ni linta, kama wasemavyo mafundi wetu wa nyumba: jiwe linalolala juu ya mlango. Tena mchongo haukuwa mbele ya linta bali chini yake, upande unaotazama vichwa vya wapitao. Aliyetaka kuuona ilimbidi asimame katikati ya mlango, ainue shingo, na atazame juu kama atazamaye dari. Ukimchonga mtu anene kifua katika mahali kama pale, hutaona ila kivuli. Mchongaji wa Yaxchilán alichimba mandharinyuma hadi chini, akauacha mwili uwe bapa na ukingo wake uwe mkali, kisha juu ya ubapa ule akachora kila kitu kwa mstari mwembamba. Mwanga hafifu wa mlangoni ulitosha kuuonyesha ukingo. Nilichokiita udhaifu kilikuwa jibu la fundi anayejua kazi yake itatazamwa kutoka wapi.

Jiwe wanaloliita Linta 24 linaonyesha tukio la mwaka 709. Mfalme Itzamnaaj Bahlam wa Tatu ameshika mwenge mkubwa. Mbele yake amepiga magoti mkewe, Bibi K'abal Xook, anapitisha kwenye ulimi wake kamba iliyojaa miiba, na damu inadondokea karatasi zilizo kapuni. Ni picha ya kutisha, lakini macho yangu yalivutwa na nguo ya yule bibi. Kila pindo na kila ua la kitambaa limechongwa kwa uangalifu ambao mfumaji mwenyewe angeweza kuufuata na kufuma upya. Katika miji mingi ya Wamaya mwanamke huonekana pembeni, ama haonekani kabisa. Hapa jengo zima, lililokamilishwa katika miaka ya 720, lilikuwa la Bibi Xook, na linta zake tatu zinamweka yeye katikati ya mambo.

Linta 25 ilinisimamisha muda mrefu zaidi. Yule bibi yuleyule anatazama juu, na kutoka bakulini linainuka joka ambalo kinywani mwake anatokeza askari mwenye mkuki. Sisi tuliosoma chuoni juzuu kabla ya kusoma shule tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kuona maandishi tusiulize yanaanzia upande gani. Maandishi ya Wamaya husomwa kutoka kushoto, safu mbili mbili, kutoka juu kwenda chini, na vichwa vya watu na wanyama vilivyomo hutazama kushoto, kumlaki msomaji. Katika jiwe lile vichwa vilitazama kulia. Nikadhani nimekosea, nikarudi kwenye Linta 24 kulinganisha. Sikuwa nimekosea. Maandishi ya Linta 25 yamegeuzwa kama yaonekanavyo kwenye kioo. Mimi nayasoma hivi: mwandishi alitaka tuelewe kwamba tukio lile lina upande wa pili, na kwamba yule anayetokeza kinywani mwa joka ndiye anayesoma kwa usawa, si sisi tuliosimama mlangoni. Msomaji anaweza kunibishia. Lakini hawezi kusema kwamba mtu aliyeigeuza kila alama, bila kuharibu hata moja, alifanya hivyo kwa kutojua.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ukubwa wa kosa langu. Wamaya wa kipindi kile, kati ya mwaka 250 na 900 hivi, hawakuwa na dola moja wala mji mkuu mmoja. Walikuwa na miji kadhaa wa kadhaa katika nchi ambazo leo ni Meksiko, Guatemala, Belize na Honduras, kila mmoja na mfalme wake. Kilichowaunganisha ni kalenda, miungu, na hati moja ya kuandikia. Zaidi ya hayo, waandishi wao walitumia lugha moja ya heshima, ya jamii ya Kich'ol, hata pale ambapo watu wa sokoni walizungumza lugha nyingine. Sisi wenye Kiswahili sanifu na lahaja zetu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini hati ile iliwapa waandishi uhuru mkubwa. Mtaalamu wa Kirusi Yuri Knorozov alionyesha mwaka 1952 kwamba ndani yake mna alama za silabi, siyo picha tupu. Neno *bahlam*, yaani jagwa, yule chui wa Amerika, laweza kuandikwa kwa kuchora kichwa cha mnyama, au kwa silabi zake, au kwa kichwa pamoja na silabi ya kukisaidia. Yote matatu ni sahihi. Tena kitenzi chao cha kuandika, *tz'ihb*, ndicho pia kitenzi cha kupaka rangi. Kwa hiyo kila mwandishi alikuwa mchoraji, na kila alama ilikuwa uchaguzi. Miji ilichagua tofauti.

Wako wanaosema tofauti hizo ni za mawe tu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Copán ilijaliwa jiwe la majivu ya volkano, laini linapochimbwa na gumu zaidi likishakaa hewani. Wachongaji wa Wamaya hawakuwa na chuma. Walichonga mawe kwa mawe. Mwenye jiwe laini atachimba ndani zaidi, na ndivyo walivyofanya mafundi wa mfalme Waxaklajuun Ubaah K'awiil, aliyetawala Copán kuanzia mwaka 695. Katika uwanja wake mkuu alisimamisha nguzo ambazo ni karibu sanamu kamili. Ile inayoitwa Nguzo D, ya mwaka 736, ina maandishi ambayo kila alama ni kiumbe mzima: miungu ya namba inabeba miungu ya miaka mgongoni kama wapagazi waliofika kambini, huyu anatua mzigo, yule bado anahema.

Lakini mfuate mfalme yuleyule hadi kifo chake, na hoja ya mawe itaanza kuyumba. Mwaka 738 alitekwa na kukatwa kichwa na K'ak' Tiliw Chan Yopaat, mfalme wa Quiriguá, mji mdogo uliokuwa chini ya Copán, kiasi cha kilomita 50 kaskazini, katika Guatemala ya leo. Jiwe la Quiriguá ni la mchanga, gumu, lisilopenda kuchimbwa. Ungetarajia mshindi avunje kila kilichomkumbusha bwana wake wa zamani na achonge kwa namna inayolifaa jiwe lake. La hasha. Alisimamisha nguzo kubwa kuliko zote za Wamaya, Nguzo E ya mwaka 771, yenye urefu wa zaidi ya mita 10 na uzito wa tani 60 hivi. Mwili wa mfalme ni bapa kama jiwe lilivyodai, lakini uso umechimbwa kwa kina, kwa jasho, ili ufanane na nyuso za Copán. Nguzo yake nyingine, ya mwaka 766, ina zile alama za viumbe wazima.

Kuna ushahidi ulio karibu zaidi na sisi. Mwaka 702 huko Copán ilisimamishwa Nguzo J, ambayo maandishi ya upande mmoja yamesukwa kama mkeka. Mkeka kwa Wamaya ulikuwa kiti cha mfalme. Msomaji hashuki mstari kwa mstari. Lazima aufuate ukili, upite juu, upotee chini ya mwenzake, utokeze tena mbele. Mama zetu wangeisoma nguzo ile kwa vidole. Mifano ya maandishi ya namna hiyo ni michache mno, na mmojawapo ni Nguzo H ya Quiriguá, ya mwaka 751, miaka 13 baada ya kuuawa kwa yule aliyeagiza mkeka wa kwanza. Mshindi alimkata kichwa mwalimu, kisha akakalia mkeka wake.

Tugeukie mto Usumacinta tuipime hoja ya mawe kwa mara ya pili. Kutoka Yaxchilán ukiteremka na mto kiasi cha kilomita 40, unafika Piedras Negras, upande wa Guatemala. Mto ni mmoja, mawe ya chokaa ni ya ukoo mmoja, na mikono ni miwili. Piedras Negras walipenda kumweka mfalme mpya ndani ya shubaka lililochimbwa kwenye nguzo, ameketi, uso wake umetokeza na kila kilichomzunguka kimebaki bapa. Kwenye ngazi inayopanda hadi kwake huonekana nyayo za mtu aliyepanda.

Na desturi hii ya mji mmoja ndiyo iliyofungua historia ya Wamaya wote. Mwanamke mmoja mzaliwa wa Urusi aliyekulia Marekani, Tatiana Proskouriakoff, alichapisha mwaka 1950 kitabu kuhusu michongo ya Wamaya. Ndani yake alihesabu manyoya, viatu, mikao na mapambo ya mamia ya nguzo ili azipange kwa umri. Ni kazi kubwa. Lakini ilichukua michongo kama maji ya mto mmoja yanayokwenda na wakati. Mwaka 1960 alikuja na makala nyingine, safari hii juu ya Piedras Negras pekee. Aligundua kwamba nguzo za mji ule zimepangwa kwa makundi mbele ya majengo, moja kila baada ya miaka mitano hivi, na kila kundi linaanza na mtu wa shubakani. Tarehe za kila kundi hazikuzidi umri wa mwanadamu. Basi yule wa shubakani hakuwa mungu, alikuwa mfalme anayetawazwa, na maandishi yalitaja kuzaliwa kwake na kutawala kwake. Kabla ya hapo mabingwa, J. Eric S. Thompson akiwa mbele yao, waliamini kwamba mawe yale yanazungumzia nyota na wakati tu. Thompson alikubali kwamba amekosea, na jambo hilo namheshimu nalo. Watu na majina yao walikuwa wamefichika kwa sababu wasomaji walikuwa wakitazama Wamaya kwa jumla. Walionekana mtu mmoja alipotulia kwenye mazoea ya mji mmoja.

Niliporudi nyumbani nilitupa mhadhara wangu wa zamani. Nikatengeneza picha za miji sita, nikazichanganya, nikawaambia wanafunzi wazipange kwa macho: mikono inayofanana iwekwe pamoja. Walifanya vizuri kuliko nilivyotazamia. Palenque, kwa mfano, waliitambua mara moja, maana mji ule haukujali nguzo. Ulichonga vibao vya chokaa laini kwa ndani ya nyumba, kwa mstari unaotiririka kama wa kalamu.

Binti mmoja aliweka picha moja mahali pasipo pake. Ilikuwa ya mateka aliyefungwa kamba, ameketi chini, amechongwa kwa mstari mwepesi juu ya jiwe bapa. Yeye aliiweka Palenque. Nikamwambia amekosea, kwani jiwe lile ni la Toniná, mji wa milimani uliochonga sanamu fupi nene zenye kuzungukika pande zote, na maandishi yakiteremka mgongoni. Alinitazama, akasema, "Lakini mwalimu, mkono si wa Toniná." Nikamnyima alama.

Baadaye nikasoma habari za jiwe lile. Linaitwa Mnara 122 wa Toniná, na mateka yule ni K'inich K'an Joy Chitam, mfalme wa Palenque mwenyewe, aliyetekwa mwaka 711. Wataalamu wa sanaa walikuwa wameona kile alichokiona yule binti: jiwe ni la mchanga, la Toniná, lakini mchongo ni wa Palenque, na huenda aliyeuchonga alitoka huko, ama kama mateka ama kama sehemu ya kodi. Fikiri basi kazi iliyowekwa mikononi mwa mtu yule: kumchonga mfalme wake akiwa amefungwa, kwa uzuri uleule aliofundishwa nyumbani kumchongea akiwa ameketi kwenye kiti chake. Nilimrudishia binti alama zake mbele ya darasa. Hoja ya mawe ilifia pale.

Kama mkono ni wa mji, je, mtu binafsi yuko wapi? Yuko, na ametia sahihi. Katika miaka ya 1980 mtaalamu David Stuart alitambua kwamba baadhi ya maandishi madogo yaliyo pembezoni mwa picha ni majina ya waandishi na wachongaji. Hata hili ni la kimikoa: sahihi nyingi zinazojulikana zimetoka bonde la Usumacinta na jirani zake, ilhali Copán, pamoja na ufundi wake wote, haina desturi hiyo. Nguzo 12 ya Piedras Negras, ya mwaka 795, ina majina ya wachongaji wanane. Juu ameketi mfalme, chini wamerundikana mateka wenye majina yao miilini, na kati yao, kwa alama nyembamba, mafundi wamejitaja. Sijui sanaa nyingine ya ufalme ambamo fundi na mateka wameandikwa karibu hivyo. Nao walijua hatari. Katika michoro ya ukutani ya Bonampak, ya mwisho wa karne ya nane, mateka wanaonyeshwa damu ikichuruzika vidoleni, na wapo waliosoma kwamba vile ni vidole vya waandishi, vilivyoharibiwa visimwandikie tena mfalme aliyeshindwa.

Msomaji ataniuliza: yote haya yana faida gani, ila kwa wenye nafasi ya kutembea makumbusho? Faida yake ni hii. Kuanzia miaka ya 1960 wezi waliingia misituni wakiwa na misumeno. Walichana uso wa nguzo kutoka kwenye jiwe lake, wakaukata vipande, wakauza Ulaya na Marekani. Jiwe lililofika dukani halikuwa na mji tena, bali lile jina pana nililowafundisha watoto wa watu. Neno "Maya" peke yake lilimfaa mwizi, kwa kuwa halimwelekezi mtu popote.

Kilichomwumbua mara kwa mara ni mkono. Wasomi waliona kwamba vibao vingi vidogo vilivyotawanyika katika nyumba za matajiri na makumbusho vilifanana kwa mchongo na kwa majina yaliyotajwa. Katika miaka ya 1970 mji wao usiojulikana ukapewa jina la muda, Mahali Q. Mwaka 1997 Ian Graham na David Stuart walifika La Corona, katika msitu wa kaskazini ya Guatemala, wakakuta dalili. Mwaka 2005 Marcello Canuto akakuta hapo kibao ambacho wezi hawakukiona, cha mkono uleule. Yatima wale wakapata kwao, ijapokuwa wengi bado hawajarudishwa. Vivyo hivyo, linta nzuri iliyoko katika jumba la makumbusho la Fort Worth, Texas, ya mwaka 785 hivi, yenye mateka wanaoletwa mbele ya mfalme wa Yaxchilán, ina sahihi ya fundi aitwaye Mayuy. Waliolikata jiwe walijua bei yake. Jina la aliyelichonga lilipita mikononi mwao bila wao kulisoma.

Tangu mwisho wa miaka ya 1980 wapo Wamaya wa leo, wasemao lugha kiasi cha 30 za ukoo ule, ambao wamejifunza upya hati ya mababu zao katika warsha zilizoanza na Linda Schele na wenzake. Sitashangaa wakituambia kwamba hata miji yangu sita ni michache mno.

Kile kitabu changu cha picha moja ningali nacho. Chini ya mfalme wa Copán, mahali palipoandikwa "sanaa ya Wamaya", nimeongeza kwa kalamu jina la mji, mwaka, na jiwe lenyewe. Pa jina la mchongaji nimepaacha wazi, kwa kuwa wa Copán hawakusaini.